Siku Pikipiki Yangu Ilipoingia Saluni

Nyinyi vijana mlionifanyia sherehe ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndiyo nina mahali pa kuwahi. Asanteni. Kisha mmoja wenu akaniuliza mbele ya keki, "Mama, miaka yote hiyo ya kupandisha ng'ombe, ni ujuzi gani ulikusaidia zaidi?" Nikasema kuosha pikipiki. Mkacheka, mkapiga makofi, mkadhani ni mzaha wa mstaafu. Haukuwa mzaha. Sasa nimekaa nyumbani hapa Kanduyi, nina kalamu, nina chai, na hakuna mkulima anayenipigia simu, kwa hiyo nitawaeleza. Mkichoka rukeni mpaka penye saluni.

Niliripoti kazini Kitale nikiwa msichana mwembamba kutoka shamba la wazazi wangu upande wa Kiminini. Nilikuwa na cheti changu cha kupandisha ng'ombe kwa mbegu, gambuti mpya, na hamu kubwa ya kupanda pikipiki siku hiyohiyo. Nikakabidhiwa kwa Bwana Barasa anifunze. Bwana Barasa alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito ya kwaya, na herufi L na R kwake zilikuwa ndugu wanaoazimana nguo. Akanionyesha pikipiki nyekundu chini ya mti wa ofisi.

"Hii ndio yako. Rete maji uioshe."

"Lakini Bwana Barasa, si ni safi?"

"Nimesema osha. Wewe unajua imetoka wapi?"

Kwa wiki mbili nzima niliosha pikipiki ambayo sikuwahi kuikalia. Wenzangu walikuwa wanapita na kuniuliza kama nimeajiriwa ofisini au gereji. Siku ya kumi na tano nikaruhusiwa kuipanda, nikaanguka palepale uani mbele ya idara nzima. Lakini jamani, ilianguka ikiwa inang'aa!

Sababu ya kuosha aliniambia baadaye, akiwa amechuchumaa anasugua tairi kwa mswaki wake wa zamani. "Sisi tunaingia boma za watu. Matope ya boma ya huyu haiendi boma ya yule. Ukibeba ugonjwa na tairi, ng'ombe wakufe, watu watasema ni wewe. Na ni kweli ni wewe." Ndiyo maana kila Jumamosi asubuhi pikipiki ya kazi iliogeshwa, nyumbani, na mwenyewe, kwa mkono. Kwenda mtoni alikataa, maana watu wa chini wanayanywa hayohayo maji. Na wale wenye mashine ya kurusha maji kwa nguvu hakutaka hata kuwasikia. Alisema wao hupeleka maji mahali ambapo hata aliyeunda pikipiki hakujua ni mahali.

Basi, kwa faida ya yule kijana wenu anayeosha pikipiki kwa ndoo moja na tambara moja kama anapiga deki, Barasa alifanya hivi. Karai mbili, moja ya sabuni, moja ya maji safi. Magurudumu yana tambara lao, na tambara hilo haliruhusiwi kugusa tangi hata likiomba. Swichi na kabureta zinafungwa mfuko wa plastiki, na siku hizo mifuko hiyo ilikuwa bado halali. Maji yanamwagwa kwa jagi, polepole. Na kabla ya yote hayo, tundu la ekzosi linazibwa na gunzi la mahindi ili maji yasiingie ndani. Trans-Nzoia magunzi si shida. Ukikosa gunzi Kitale, basi wewe umepotea njia, uko mji mwingine.

Kisha kukausha. "Kuosha hata mvua inaosha," alikuwa anasema. "Kazi ni kukausha." Alikausha kwa nepi za pamba zilizozeeka, zile za watoto wake, na watoto wenyewe wakati huo walishaanza kunyoa ndevu. Mimi wakati huo sikuwa na mtoto wala nepi, nikajaribu fulana za kampeni. Zile hazinyonyi maji kabisa, zinayahamisha tu kutoka upande huu hadi upande ule. Nilipompata mume mwalimu na Mungu akatupa binti, nilinunua nepi dazeni mbili. Mwalimu alifurahi sana kwa maandalizi yangu, mpaka siku alipohesabu zilizo kwenye kamba akakuta nusu yake zina grisi.

Kutoka Kitale nikahamishiwa Ndalu. Nilipenda Ndalu tangu siku ya kwanza. Soko dogo, mashamba makubwa, watu wanakusalimia "Mulembe" wakiwa mbali mpaka unajibu kwa mkono. Huko ndiko nilikoanza kuitwa Daktari. Mimi si daktari, nina cheti cha mbegu, lakini kumsahihisha mkulima aliyekuamkia kwa heshima ni utovu wa adabu, kwa hiyo nilivumilia cheo hicho miaka mingi bila kulalamika.

Na huko ndiko nilikokutana na Mama Selina. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache na kicheko kikubwa, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Malkia. Malkia aliletwa akiwa ndama na marehemu mume wa Mama Selina, aliyembeba mbele ya baiskeli kutoka upande wa Lugulu. Mzee yule aliaga dunia kabla ya kuonja hata kikombe kimoja cha maziwa yake. Kwa hiyo mkisikia Mama Selina anamsemesha ng'ombe jioni akimpa habari za siku, msimshangae. Mimi sikumshangaa.

Tatizo la Malkia ni kwamba mbegu haikushika. Nilimpandisha mara ya kwanza, akarudia kutaka dume, ishara kwamba hana mimba. Mara ya pili, akarudia. Mara ya tatu nilibadilisha hata sala, akarudia. Shemeji yake Mama Selina, mdogo wa marehemu, akaanza kusema ng'ombe ni tasa, anakula nyasi ya bure, na mchinjaji wa sokoni amekubali kumchukua. Wazee wa ukoo wakaketi, wakakubaliana na shemeji. Mama Selina alisimama mbele yao akaomba jaribio moja tu. Shemeji akasema sawa: akipandishwa kabla ya Jumatatu, atangoja miezi mitatu aone. Asipopandishwa, Jumatatu asubuhi anaenda kwa mchinjaji.

Ng'ombe hapandishwi kwa kalenda ya shemeji. Anapandishwa akiwa kwenye joto, na joto hilo halimalizi siku mbili. Ukiliona jioni, mpandishe kesho yake asubuhi. Ukifika baada ya saa sita mchana umeenda kumsalimia tu.

Jumamosi hiyo niliosha pikipiki kama kawaida. Ilikuwa msimu wa mahindi mabichi, na siku hizo zote tulikuwa tunakula mahindi ya kuchemsha asubuhi, mchana na jioni mpaka Mwalimu akawa anayataja darasani. Nikatafuta gunzi la kuzibia ekzosi, sikuona kavu hata moja. Lakini mkononi nilikuwa na la mahindi niliyotoka kula. Nikaliangalia. Nikasema, gunzi ni gunzi. Nikaligonga ndani kwa kiganja likakaa vizuri kabisa, nikaendelea na karai zangu nikiimba.

Nilikuwa namwaga maji ya mwisho simu ikalia. "Daktari!" Mama Selina alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Malkia iko joto! Imeanza jana jioni, simu ilikuwa imezima, nimekuja kuchaji kwa jirani sasa hivi. Inapanda hata mbuzi, Daktari!"

"Usimwachilie! Nakuja!"

Ilikuwa saa nne kasoro. Kwake ni mwendo wa nusu saa. Nilikuwa na wakati wa kutosha na kubaki, na furaha ilinipanda kichwani, maana kati ya Jumamosi zote joto lilikuwa limechagua hii. Nikafuta kiti, nikavuta gunzi, likatoka, nikawatupia kuku. Nikafunga mtungi wa mbegu kwenye keria, ule mtungi mzito unaofuka moshi wa baridi, nikapiga kiki.

Kimya.

Nikapiga tena. Ikakohoa mara moja, ikakata. Nikapiga mpaka gambuti ikachomoka mguuni ikaenda peke yake hadi kwenye kuku. Nikajua basi, maji yameingia kwenye plagi. Nimeharakisha, sikukausha vizuri, na Barasa alishaniambia kazi ni kukausha.

Mtauliza, si ungepanda boda boda? Nilizitafuta. Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi Lugulu, na boda boda zote za Ndalu, hata ile isiyo na taa wala breki ya mbele, zilikuwa zimekodiwa kubeba wageni. Fundi naye alikuwa best man. Basi nikaisukuma pikipiki mpaka sokoni na mtungi wake juu, natoa jasho, nikimwona Malkia akilini, ananing'inia buchani.

Dorcas mwenye saluni alikuwa mlangoni anakung'uta taulo. Saluni ilijaa wanawake wa harusini, mwingine nusu kichwa kimesukwa, mwingine ana rola, mwingine ana povu.

"Daktari, kwani imekufa?"

"Imeingia maji. Na ng'ombe ya Mama Selina iko joto, na Jumatatu inachinjwa!"

Habari ya Mama Selina kila mtu aliijua. Dorcas alinitazama, akatazama pikipiki, akatazama draya iliyokuwa kando ya kioo. "Si mimi kazi yangu ni kukausha?" akasema. "Ingiza ndani!"

Nisikilizeni vizuri: wanawake sita walinisaidia kuinua pikipiki ya serikali kupita kizingiti cha saluni. Tukaiegesha kati ya sinki na kioo. Nikafungua plagi, nikaipangusa, Dorcas akaielekezea draya. Mwingine akachukua draya ya pili akaanza na kabureta. Bibi mmoja, shangazi wa bwana harusi, alikuwa ameketi chini ya ile draya kubwa ya kofia. Akatoka chini yake na rola zake zote kichwani, akasema tuisogeze kofia hiyo hapo kwa injini, yeye nywele zake zimengoja tangu ujana na zinaweza kungoja tena. Mwanamke wa povu alilalamika kwamba povu linamwingia machoni. Akapewa nepi yangu safi ajipanguse, akanyamaza.

Nikarudisha plagi. Nikapiga kiki, wote wakihesabu, "Moja! Mbili! Tatu!" Ikakohoa, ikakata. Saa nne na nusu. Tukakausha tena. Stima ikapotea, saluni nzima ikaguna "Aaaah!", mwenye nusu kichwa akalaumu pikipiki. Stima ikarudi, tukashangilia. Kiki tena. Kukohoa. Kimya. Hapo mimi, mtumishi wa umma, nikakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele nikaanza kulia.

"Acha kulia," akasema shangazi. Alikuwa ameinama nyuma ya pikipiki, kiganja chake kimezuia tundu la ekzosi. "Piga tena nisikie."

Nikapiga.

"Hii kitu haipumui. Mimi nimewasha kuni mbichi miaka yote. Moto ukikosa pa kutolea moshi hauwaki. Kuna nini huku ndani?"

"Hakuna kitu, shangazi. Nilizibia gunzi lakini nilitoa."

"Ulitoa yote?"

Ngai! Nikakumbuka lile nililowatupia kuku. Lilikuwa fupi. Gunzi bichi, lililolowa, limekatika katikati, na nusu yake ilikuwa imevimba humo ndani kama mgeni asiyetaka kuondoka. Na mimi tangu saa nne nakausha plagi kavu! Nikasema ukweli mbele ya wote. Saluni ikalipuka kwa kicheko. Dorcas alicheka mpaka akashika sinki. Shangazi alicheka mpaka rola mbili zikamtoka. Nami nikajikuta nacheka na machozi bado yako shavuni.

Dorcas akachukua ile sindano yake ya kusukia, yenye ndoano nchani, akapiga magoti nyuma ya pikipiki. Akaanza kulichokonoa gunzi kipande kwa kipande, kwa utulivu uleule anaosukia nywele. "Usijari," shangazi akawa anasema, "ya kichwa ngumu ndio Dorcas anajua." Vipande vikatoka, vidogo, vya kahawia. Kisha akasema, "Sasa piga, iliyobaki itatoka yenyewe."

Mlango ulikuwa nyuma ya pikipiki, na ulikuwa wazi. Nikapiga kiki kwa nguvu zangu zote. Pah! Kipande kikachomoka kikavuka barabara kikagonga mlango wa bati wa duka la ng'ambo, mwenye duka akalala chini ya kaunta. Na pikipiki ikanguruma! Ikajaza saluni moshi, nikapiga kelele, wakapiga vigelegele, tukakohoa sote kwa furaha. Wakaigeuza, wakainua, wakaitoa nje ikiwa inanguruma mikononi mwao. Shangazi akanipiga mgongoni akasema, "Enda, mwanangu! Enda!"

Nilienda. Jinsi nilivyoendesha siwezi kuiandika hapa, mnaweza kuiga. Saa tano na robo nilikuwa kwa Mama Selina. Alikuwa amesimama amemkumbatia Malkia shingoni, na shemeji yuko kando ameweka mikono nyuma. Nikavaa mpira wa mkono, nikatoa mbegu, nikafanya kazi yangu. Nilipomaliza, Mama Selina akauliza, "Daktari, mbona unanuka dawa ya nywele?" Nikamwambia ni hadithi ndefu. Kwenye ripoti ya wiki niliandika kwamba pikipiki ilichelewa kukauka.

Miezi mitatu hiyo ilikuwa mirefu. Siku ya ishirini na moja Malkia hakurudia joto, lakini nilimkataza Mama Selina kushangilia, maana ng'ombe huyo alishatuchezea. Nilikuwa naosha pikipiki Jumamosi, nakausha, na nikifika kwenye ekzosi nagundua nimeacha kuimba. Sikuwa na shaka na mbegu. Nilikuwa nawaza ile saa nzima niliyopoteza, na kwamba kama ni mimi nimemkosesha yule mama kumbukumbu pekee ya mumewe kwa sababu ya gunzi la kifungua kinywa, nitaishije Ndalu.

Siku ya kupima ikafika. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemshika Malkia kichwani, kamba imezungushwa mkononi mara tatu. Nikaingiza mkono. Nikatafuta taratibu, kushoto, kulia. Halafu nikagusa kitu kilichojaa maji, laini, na ndani yake kitu kidogo kikaelea, kikaondoka, kikarudi kunigonga kidoleni.

"Daktari," Mama Selina akasema. "Sema."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya ng'ombe mpaka begani na machozi yananitiririka, sina hata mkono safi wa kuyafuta. Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

"Mayi wee!" Mama Selina akashika kichwa, akazunguka boma zima mbio, akarudi, akasimama mbele ya shemeji yake akiwa anahema. "Shemeji, regeza hiyo kamba porepore," akasema. "Umeshika mama mja mzito."

Shemeji akailegeza. Akampapasa Malkia paji la uso, akasema marehemu angefurahi. Akaondoka kwenda kuwaambia wazee, na ninakumbuka alitembea haraka.

Nilipokuwa nanawa, Mama Selina alitoka jikoni na karai, sabuni, na mtungi wa maji aliyoyateka kisimani asubuhi. Akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki yangu. Nikamwambia aache, ni kazi yangu mwenyewe, mkubwa wangu alinifunza hivyo. Akasema, "Daktari, kaa chini, chai iko hapo. Reo wewe ni mgeni." Akaanza kuosha. Alimwaga maji kwenye swichi, kwenye kabureta, kila mahali, tambara moja kwa kila kitu, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu. Alisugua kiti mpaka sifongo ya ndani yake ikanywa nusu mtungi, na hakukausha hata tone. Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa chai yangu yote, sikumsahihisha neno. Kisha nikarudi Ndalu juu ya kile kiti, suruali imelowa mpaka magotini, watu sokoni wakiniuliza nimetumbukia wapi, nami nikiwajibu kwa kuimba.